Programu Iliyomwalika Kaka Yangu Isiitwe Hasidi

Bwana Mhariri,

Pokea salamu kutoka Donholm, ambako tunamshukuru Mungu kwa yote isipokuwa maji ya mfereji. Mimi ni Matheka, dereva wa lori na msomaji wako mwaminifu. Gazeti lako limezoea kuziita programu fulani za simu na kompyuta "hasidi". Naomba neno hilo lifutwe, na msamaha uchapishwe ukurasa wa mbele. Sababu zangu ni hizi:

1. Majuzi nilipokea simuni kadi ya harusi kutoka kwa Phelister wa kwaya yetu. Nikaibonyeza. Mtaani kwetu, nani hukataa kadi ya mwenzake na bado akatarajia watu kwake? Kumbe Phelister hakutuma chochote. Ilikuwa programu, nayo ikatuma kadi kama hiyo, kwa jina langu, kwa kila mtu aliyemo simuni. Wote walijua Jumamosi ni ntheo ya binti yangu Ndindi, siku ya kupokea mbuzi wa mahari. Wakadhani wamealikwa huko.

2. Fundi wa simu, Samatar, aliniambia, "Mzee, hii ni programu hasidi. Inajifanya mtu poa, inaingia bila ruhusa, inapekua vitu zako, halafu inahamia kwa wenzako." Bwana Mhariri, hayo yote shemeji yangu Maingi huyafanya kila Krismasi, na hujawahi kumwandika.

3. Miongoni mwa walioalikwa ni kaka yangu mkubwa, Kyule. Simuni nilimweka kwa jina "Usipokee", tangu aliponisuta mbele ya waombolezaji kwa kuchelewa mazishi ya mama yetu. Niliapa hatakanyaga kwangu. Jumamosi ya ntheo ikafika, wakwe wameshaketi, wazee wao wanauliza baba mkubwa wa Ndindi yuko wapi, nami natafuta uongo wa kuwapa. Mara Kyule huyo mlangoni, ndani ya suti, machozi yanamtoka. "Matheka wa mama, kumbe ulinikumbuka!" Nililia pia, tena kwa sauti. Pilau iliisha mapema na sikujali.

4. Hasidi hapendi upate. Hii imenipatia kaka. Wapatanishi wa kanisa walikuja mara ngapi, wakanywa chai, wakaenda zao! Kwa hiyo serikali izisambaze programu hizi kwa kila ukoo ulionuniana, ianzie Huruma, na waliozitunga wapewe vyeo vya uzee wa mtaa.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na askari wa getini na yule mchora katuni.

Ni mimi, mtetezi wa wanaosingiziwa,
Matheka

Tanbihi: Naituma hii mbio, barua imeshaondoka. Nimekumbuka Kyule husoma gazeti lako kila Jumapili, hata matangazo ya vifo, na bado anaamini nilimwalika mimi. Tafadhali usiichapishe. Ikiwa umeshaichapisha, basi, kaka yangu, kadi ile niliituma mimi kwa vidole vyangu. Barua hii ndiyo imeandikwa na programu hasidi.