Shemeji Ananitilia Nini?

Jumatatu, 4 Machi
Tumbo limenguruma tena! Mteja alikuwa ameinama mezani kwangu kusikiliza kama saa niliyomtengenezea imepona. Akasema inatembea, ila kwa kelele sana. Nikamwambia ni springi mpya. Aibu gani hii! Tangu shemeji, kaka wa mke wangu, ahamie kwetu na kujitwalia jiko, sina raha. Anapika huku anapiga mluzi. Kinachomfurahisha ni nini?

Jumanne, 5 Machi
Shemeji alipokwenda kunawa, nikabadilisha sahani zetu. Akala yangu yote, akalamba vidole, akasinzia kitini. Mimi chooni mara tano! Na nilikunywa glasi tatu za maziwa kutuliza tumbo. Kumbe alijua nitabadilisha. Mjanja mkubwa.

Jumatano, 6 Machi
Daktari kaniuliza ninakula nini. Nikampa shajara hii asome. Akasoma, akakohoa, akauliza habari za maziwa. Nikasema lita moja tu kwa siku, tena kama dawa. Akasema matumbo ya watu wazima wengi hayawezi kusaga sukari ya maziwa. Niyaache wiki mbili tuone. Nikauliza kama anafahamiana na shemeji yangu. Akasema hapana. Alijibu upesi mno.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwambia shemeji waziwazi, mbele ya dada yake, kwamba ananitilia kitu. Hakufoka. Alizima jiko, akachukua begi lake, akaondoka. Mke wangu kalia. Kasema, "Huyo ndiye aliyekuwa anadamka kukufuatia maziwa, kwa kuwa unayapenda." Kisha kajifungia chumbani.

Jumapili, 10 Machi
Nyumba imepooza. Hakuna mboga ya maana, hakuna maziwa, hakuna wa kunisemesha. Lakini tumbo? Kimya siku ya pili! Shemeji hayupo, maumivu hayapo. Ushahidi gani tena?

Jumatatu, 11 Machi
Mke wangu kafungua kinywa: nikamwombe radhi kaka yake, la sivyo naye anaondoka. Nimekwenda. Nimeomba, macho chini. Shemeji kanikumbatia, kasema yamekwisha, atarudi Jumamosi. Nimetoa sharti moja tu: maziwa nitayafuata mwenyewe.

Nimeyafuata. Lita mbili, nimezimaliza kwa furaha ya ushindi.

Saa kumi jioni. Tumbo linanguruma kama gari bovu! Na shemeji hajarudi. Basi ni yule muuza maziwa. Alinitabasamia sana wakati wa kupima. Kesho nanunua kwa mwingine.