Sailensa Mbili kwa Gari la Baba Mkwe

Jumamosi, 4 Juni

Ekzosi ya gari la baba mkwe, bomba la kutolea moshi, imeanguka leo. Yote! Tulipofika kwake tuliikuta uani, vipande vitatu vya kutu, na kuku mmoja juu yake. Gari lenyewe ni la zamani, la kupanda milima, magurudumu yote manne yanavuta, na mlango wa dereva haufungiki mpaka uubamize mara mbili. Nimelimezea mate tangu nilipoanza kuingia nyumba ile. Siku niliyokwenda kuchumbia nililiona gari kwanza, mke wangu baadaye. Hilo hajui.

Baada ya chakula baba mkwe akatangaza kuwa macho yake hayamruhusu tena kushika barabara. Siku hizi huliwasha tu kila asubuhi pale uani, analikalia kidogo, analizima. Akasema tuna wiki moja, mpaka Jumapili ya tarehe 12. Kati ya wakwe zake wawili, atakayeleta ekzosi inayolifaa gari ndiye atakayelichukua.

Wakwe wawili ni mimi na mwanyumba wangu, aliyeoa dada wa mke wangu. Yeye anakodisha spika za sherehe na gari analo. Mimi natunza ghala la magodoro na nina miguu. Nikilikosa hili, basi tena. Kwa mshahara wangu hata kioo cha pembeni sinunui.

Jumapili, 5 Juni

Nimekwenda kwa fundi ekzosi, yule wanayemwita Masizi. Hakuniangalia usoni hata mara moja, alikuwa chini ya basi. Alinieleza kutoka huko huko. Kuna bomba tupu lisilo na sailensa ya kupunguza kelele, gari linanguruma mpaka mtaa wa tatu. Kuna bomba la kupanda wima kando ya dirisha, la watu wanaovuka mito. Kuna bomba moja na sailensa moja, kama lilivyotoka kiwandani. Akasema yeye angeweka hilo la mwisho, halafu angekwenda kula.

Mafundi hawana ndoto.

Nimefikiri njia nzima. Mzee anataka nini? Utulivu! Tangu bomba lioze gari lile lilikuwa likipiga kelele za kutisha, na yeye kila asubuhi alilikalia akitabasamu. Ule ni uvumilivu. Mtu mzima anateseka na anatabasamu ili asiwasumbue watoto. Nitamwekea sailensa mbili, moja nyuma ya nyingine. Utulivu naujua, ndiyo kazi yangu.

Mke wangu nilipomweleza alisema nisogeze miguu, anapiga deki.

Jumanne, 7 Juni

Siku njema kuliko zote mwaka huu. Nimemweleza baba mkwe mpango wangu, saa nzima, tumekaa ukumbini wawili tu. Nilizungumza kama inavyompasa mkwe, macho chini, sauti ya chini kabisa. Nilimweleza habari za moshi, za mitetemo, za heshima ya gari lisilobughudhi watu. Kila niliposita aliitikia kwa kichwa. Hakunipinga hata neno moja. Nyumbani kwangu sijawahi kumaliza sentensi tatu.

Kisha akaingia mwanyumba. Hana haya. Alimsalimia mzee kwa sauti ya kutangazia harusi, akakaa karibu naye, akapaza tena sauti kwamba gari lile linataka bomba tupu lenye sauti ya kifua. Mzee akambishia papo hapo! Akasema bomba tupu litamgombanisha na majirani. Wakabishana, wakacheka, wakabishana tena.

Mimi hanibishii. Mwanyumba amekwisha.

Alhamisi, 9 Juni

Pigo. Masizi ameniambia mwanyumba alipita kwake jana kuulizia bomba la sauti ya wastani, eti ameafikiana na mzee. Uongo mtupu. Nimeona nisingoje Jumapili. Atakayewahi kufunga ekzosi amemaliza mjadala.

Nimempigia mama mkwe na kumwambia kwamba mzee amekubali, nikaomba ufunguo. Aliuliza mara mbili kama mzee amekubali kwa mdomo wake. Nikasema amekubali kwa kichwa. Akasema haya mwanangu, njoo uchukue, ila niwe mwangalifu maana mzee analipenda gari lile kuliko anavyosema. Nimemhakikishia kwamba hatalisikia kabisa.

Ijumaa, 10 Juni

Sailensa mbili zimeingia. Masizi alichomelea huku akiguna. Alisema injini ile ni ya zamani na ina haki ya kukohoa. Nimelipa na sitaandika kiasi gani, kwa kuwa mke wangu anajua ninapoweka daftari hili.

Lakini bado nilisikia kitu. Si sauti, ni mtikisiko, unapanda kwenye kiti na kwenye nyayo. Nikarudi ghalani, nikachukua sponji za magodoro yaliyoharibika, nzito, zile za kulalia wagonjwa wa mgongo. Nimezitandika sakafu yote ya gari na kuvalisha kiti cha dereva. Masizi alikataa kunishikia hata mkasi.

Sasa ukikaa mle ndani hujui kama injini inawaka au imezimwa. Nimekaa nusu saa. Niliona raha mpaka nikasinzia.

Jumapili, 12 Juni

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Gari na ufunguo nilivirudisha jana usiku. Asubuhi familia nzima ilikuwa uani. Baba mkwe alitoka na ufunguo wake, amenyoa ndevu, amevaa koti. Alipanda, akaliwasha. Likawaka mara moja, kimya, kitu cha ajabu. Moyo wangu ulijaa.

Akaliwasha tena.

Stata ilipiga ukelele wa chuma na chuma. Nikasogea dirishani nikasema, baba, limewaka. Nilisema kwa adabu, kwa ile sauti yangu. Hakugeuka. Akawasha tena, akashikilia. Nikasema tena, baba, limewaka tayari. Ningefanya nini? Nimshike baba mkwe mkono? Nimpigie kelele mbele ya mke wangu na watoto? Nilisimama pale nimekunja mikono kama niko msibani, na stata inasagika. Mwanyumba alikuwa getini anashusha spika zake. Alipotupa alichoshika na kuja mbio, kitu kilivunjika ndani, kikaanguka chini kwenye mchanga. Jino la gia.

Mzee alishuka taratibu. Akasema basi, limekufa. Akasema alijua lingemtangulia, ila hakudhani lingekuwa leo. Aliweka mkono juu ya paa, akainamisha kichwa. Mama mkwe akaanza kulia. Na gari wakati wote huo linawaka! Linamliza mtu na linawaka! Roho ilinipasuka, na bado sauti haikutoka.

Mke wangu ndiye aliyempita kila mtu. Alimshika baba yake mkono, akaubandika juu ya boneti, akamwambia sikioni kwa sauti iliyofika barabarani kwamba gari ni zima, linawaka, ila kuna mtu amelifunga mdomo. Mzee alisimama akilisikiliza kwa kiganja. Muda mrefu. Machozi yalimtoka.

Kisha akatoa uamuzi. Gari ni la binti yake huyo.

Mwanyumba alipiga makofi. Mjinga, hata hakuelewa kwamba naye ameshindwa.

Jumanne, 14 Juni

Gari liko nje ya nyumba yangu. Ufunguo uko kwenye pochi ya mke wangu. Leo amelipeleka kwa Masizi, stata nyingine imefungwa, sponji zimetolewa, na badala ya sailensa zangu mbili limewekwa bomba moja na sailensa moja. Masizi alimaliza mapema akaenda kula. Jioni mke wangu alimtembeza baba yake mjini, wawili mbele wakipigiana kelele na kucheka. Mimi nilikaa nyuma na tairi la akiba. Sina hamu na dunia.

Usiku mke wangu amenieleza kwamba mzee hasikii vizuri tangu kabla hatujaoana. Kila mtu anajua, ndiyo maana kila mtu anampazia sauti. Nilimuuliza mbona hakuniambia. Akasema aliniambia, nilikuwa naongea.

Nimelala nikitazama dari. Asiyesikia angewezaje kukubaliana na hoja zangu zote?

Alhamisi, 16 Juni

Mke wangu amekosea. Nimekwenda leo peke yangu kwa baba mkwe, tumekaa ukumbini kama siku ile. Nimemweleza taratibu, macho chini, kwamba gari ni mzigo kwa mwanamke mwenye kazi nyingi, na kwamba lingefaa liandikwe jina langu Jumamosi hii. Nimezungumza saa nzima na robo. Kila niliposita aliitikia kwa kichwa, na mwishoni alinishika bega.

Kwa hiyo Jumamosi gari ni langu. Nimeshampitia Masizi kumwagiza sailensa tatu.