Pampu Iliyokataa Kuharibika

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa nje ya karakana ya uhandisi, chuoni. Kikundi cha utafiti wa pampu za maji kinataka mtu mmoja. Mmoja! Vyeti havitakiwi. Kila mwombaji aje Ijumaa na kifaa alichokitengeneza kikamshinda, akiwashe mbele ya watu, aeleze kwa nini kilimshinda. Ndiyo desturi yao. Kila Ijumaa wanakaa duara, wanaonyeshana walivyoshindwa, halafu wanapeana pole. Watu wazima, wenye digrii.

Profesa wao ni mama mmoja ambaye wanafunzi humwita Mama Presha. Inasemekana humtazama mtu akajua anavuja wapi.

Nyumbani nimetangaza nia. Mjomba, anayeishi nasi tangu Mama afariki, ameipokea habari kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kupanga mengine. Nisipochukuliwa, naanza kuuza magodoro dukani kwake. Hakuna mjadala.

Mama aliwaambia majirani wote kwamba mwanawe ni mhandisi. Alimwambia hata msoma mita. Siwezi kumfanya mwongo, na hayupo kujitetea.

Jumanne, 4 Machi

Mdogo wangu, binti asiyejua kunong'ona, amesema nafasi hiyo ni yangu kabisa. Kushindwa? Nichague tu! Akaanza kunitajia: feni niliyoiunda ikatoka dirishani, kengele ya mlango inayolia yenyewe mvua ikinyesha, jiko la umeme lililomnyoa mjomba nyusi. Akauliza kama aniitie lori la kubebea.

Haelewi. Hayo si kushindwa, hayo ni aibu. Mimi nataka kushindwa kwa heshima. Kushindwa kunakovaa tai.

Nimefikiri hadi chai ikapoa. Uani tuna pampu inayopandisha maji kutoka tangi la chini hadi la juu ya paa. Imechoka siku nyingi. Mama alikuwa akiipiga kandambili, inakohoa, inatoa maji kidogo, naye anasema bwana mkubwa ameamka. Rangi imechubuka pale alipokuwa akiipiga. Sijapaka nyingine.

Lakini pampu iliyochoka haifai, maana sijui imechokeshwa na nini. Nahitaji pampu iliyokufa, na sababu ya kifo niijue vizuri. Nitaijuaje? Kwa kuiua mwenyewe! Sijui kwa nini wengine hawajawahi kuliwaza hili.

Jumatano, 5 Machi

Kazi imekwisha. Ndani ya pampu mna kipande cha mpira kinachokalia duara la chuma ili maji yaliyopanda yasirudi chini. Nimechukua tupa, nikalikwaruza duara hilo bila huruma. Sasa mpira hautakaa sawa, maji yatarudi, nami nitaeleza kwa majonzi. Hotuba nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo. Nusura nilie.

Nilipong'oa pampu, mjomba alikuwa bafuni, povu kichwani. Akauliza, macho ameyafumba, ni nani amekata maji. Nikamjibu kupitia mlangoni kwamba ni utafiti. Akasema neno ambalo siliandiki hapa, Mama hakupenda maneno hayo.

Alhamisi, 6 Machi

Mshindani nimemjua. Anaitwa Kalamu Nne, kwa sababu ya mfuko wake wa shati. Ana kikaushio cha mboga alichokiunda mwenyewe, ila badala ya kukausha mboga kinazipika. Maskini! Akaniomba ushauri: je, akiri tu kwamba alisahau kuweka tundu la kutolea hewa ya moto?

Nikamwambia kama kaka yake: usithubutu. Sema jua lilikuwa kali kupita kiasi. Akanishukuru sana. Nikatoka pale nimejaa imani na roho mbaya kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Kalamu Nne hakufuata ushauri. Kasimama, kasema alisahau tundu. Basi! Mama Presha akamuuliza sasa atafanya nini. Akajibu atatoboa tundu. Wote wakatikisa vichwa kama wamesikia jambo kubwa. Wamelipigia makofi tundu.

Zamu yangu. Nikaweka pampu mezani, bomba moja ndooni, jingine nikalielekeza juu. Nikawasha. Nikainamisha kichwa na kuanza: “Kama mnavyojionea, ndugu zangu, maji hayapandi.”

Maji yalikuwa darini. Kisha yakawa kwenye taa. Kisha yakawa kwa Mama Presha.

Fundi wa karakana akaifungua. Akasema duara lilikuwa limeganda ukoko wa chumvi kwa miaka, ndiyo maana pampu haikuwa na nguvu, na sasa kuna mtu kaukwangua wote. Tena kwa tupa, alama bado mbichi. Nani?

Nikasema panya.

Nikaongeza kwamba kwetu panya ni wakubwa.

Mama Presha akafuta miwani taratibu. Akasema kwenye kikundi hiki amewaona walioshindwa kila kitu, ila aliyeshindwa kushindwa ndiye wa kwanza. Akataka nirudi Jumatatu na pampu ileile, nieleze nilichofanya tangu mwanzo. Nikieleza kama kilivyokuwa, atatafuta namna ya kutuchukua wote wawili.

“Sitaki hotuba, mwanangu,” akasema. “Nataka ulichofanya.”

Mwanangu. Siku nyingi sijaitwa hivyo. Nilikwenda kusimama nyuma ya karakana kidogo, kwa sababu ya vumbi machoni.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeirudisha pampu mahali pake. Tangi la juu limejaa kabla maji ya chai hayajachemka. Mjomba ameoga akiimba. Ametoka na taulo, akaniambia, karibu kwa heshima, kwamba hatimaye nimetengeneza kitu, na nikikigusa tena atanivunja mkono.

Mdogo wangu kasema mbona rahisi, kaka: niende niseme niliiharibu ikapona, kwisha. Wacheke, wanichukue.

Nimekaa uani nikisikiliza maji yakifurika juu ya paa. Mama alibeba ndoo hadi bafuni muda wote ule, akipumzika kwenye kila ngazi na kusingizia anatazama maua. Ningejua, ningeiharibu mapema.

Jumapili, 9 Machi

Nimeupima ukweli kila upande. Haunipendezi. Mhandisi gani anaponya kwa kuua? Majirani wakisikia?

Mpango mpya. Nitaurudisha ukoko: chumvi ya jikoni na gundi, nipake kwenye duara. Kesho nitaifungua pampu mbele yao, nitashtuka, nitaugundua, nitaukwangua. Wataona mtu anayejua anachokitafuta. Ukweli uleule, ila umechana nywele.

Jumatatu, 10 Machi

Gundi ilitiririka hadi kwenye mota. Ikakauka kama jiwe. Nilipowasha, pampu ilinguruma, ikanuka, ikatoa moshi. Fundi akaifungua, akaonja kidoleni. Akauliza kama hii chumvi ya mezani nayo ni ya panya. Nikasema hatuwezi kuondoa uwezekano huo.

Mama Presha hakugomba. Afadhali angegomba. Alinitazama kama mtu anayeona kinapovuja ila hafikii kwa mkono. Akanitakia heri, akamwita Kalamu Nne aonyeshwe meza yake. Moja tu.

Ndiye aliyenisaidia kubeba pampu hadi getini. Akauliza kwa upole nini kilitokea. Nikamwambia jua lilikuwa kali kupita kiasi.

Nyumbani mjomba alikuwa anasubiri uani, ndoo tupu mkononi. Alisema maneno machache tu: kesho asubuhi, dukani.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya tatu dukani. Kazi yangu ni kukaa na kutogusa kitu. Mjomba ameirudia amri hiyo kwa kila aina ya godoro, moja moja, kwa kidole.

Lakini mdogo wangu amepita na habari! Chuoni kuna tangazo jingine. Kikundi cha utafiti wa mitetemo, wale wanaopima jinsi madaraja yanavyotikisika, kinataka mtu mmoja. Masharti: njoo mikono mitupu, sema unachokijua na usichokijua. Akanishika bega, akasema, kaka, safari hii hawataki kitu, wanakutaka wewe tu.

Mikono mitupu! Binti wa watu kaamini. Ni mtego wa wazi kabisa. Wajinga wote watakwenda na mikono yao mitupu, na mmoja tu atatokea na mtambo wa kutikisika.

Mtambo huo unahitaji springi nyingi, zinazolingana, imara. Mjomba amekwenda kula. Godoro la kwanza nimeshalichana.