Hoteli Nne za Director Bethuel

Jumapili hiyo Bethuel Kuria alikwenda kanisani Södertälje kwa ajili ya sambusa. Hakumficha mtu, na Mungu mwenyewe alikuwa anajua. Ibada ya Wakongo ilikwisha saa saba mchana, kisha ukumbi ukajaa chai ya maziwa, maandazi na sambusa za nyama. Mtu anayeishi peke yake Jordbro, ambaye friji yake ina haradali tu, hana budi kuwa mcha Mungu walau mara moja kwa wiki.

Alikuwa Mkenya wa Nakuru, miaka arobaini na miwili, mrefu, nadhifu, mwenye sauti ya mtangazaji wa redio. Alifika Sweden kusomea biashara. Masomo yalimshinda, biashara ikabaki. Aliwahi kuuza makoti ya baridi ambayo baridi yenyewe ilikuwa haiyatambui, na baadaye kozi ya Kiswidi ya wiki mbili, bila sarufi. Kuvunja mlango wa mtu au kumpokonya mkoba aliona ni ushamba. Yeye alizungumza tu, watu wakatoa.

Alikuwa kwenye sambusa ya tatu aliposikia ugomvi kwenye meza ya pili. Kina mama wanane walikuwa wameinamia ramani, kila mmoja kidole chake mahali pake. Mmoja alitaka kaskazini. Mwingine alitaka Göteborg kwa sababu ana binamu huko. Brigitha, Mkenya anayesafisha maofisi Kista, alisema binamu za watu si bahari, twendeni kusini tufuate pwani polepole, tukilala hapa na pale, kama wanavyofanya Waswidi. Ikawa kelele. Mzee Évariste, dereva mteule, alikaa pembeni akila, kwani huu ulikuwa mwaka wa tatu wa ugomvi uleule na hajawahi kuwasha gari.

Bethuel akaiweka sambusa chini. Tendo hilo peke yake latosha kuonyesha uzito wa jambo.

"Mama zangu, samahani kwa kuingilia," alisema. "Mnagombania pwani, na mtu wa safari za pwani amekaa hapa anawasikiliza."

Aliwaeleza kuwa hiyo ndiyo kazi yake, na kwamba Waswidi wenyewe humtafuta awapangie. Kwa kweli, pwani ya mbali zaidi aliyopata kuiona nchini humo ilikuwa Nynäshamn, mwisho wa reli, siku aliposinzia kwenye treni akapitiliza kituo cha kwao. Lakini alizungumza juu ya upepo wa chumvi na vyumba vinavyotazama maji mpaka mama wa Göteborg akamsahau binamu yake. Siku tano, alisema, malazi manne, kila kitu mkononi mwake. Walichohitaji ni kukubaliana, kuchanga, na kumwachia yeye maumivu ya kichwa.

Mwenyekiti wao alikuwa Adrienne, mwanamke mfupi kutoka Bukavu, mpishi katika jiko la shule. Hakupiga makofi kama wenzake. Alimsogezea Bethuel sahani ya sambusa na kumwambia jambo moja taratibu. Kila Agosti, alisema, shule ikifunguliwa, wenzake jikoni huulizana walikwenda wapi likizo. Mmoja anataja kisiwa cha Öland, mwingine cha Gotland. Yeye kwa miaka kumi na moja amejibu kwamba alikuwa nyumbani.

"Mwaka huu napenda nijibu kitu ingine," alisema. "Utatusaidia, kaka Director?"

Ndivyo Bethuel alivyopewa udirector. Aliahidi kwa mkono kifuani. Mpango wake ulikuwa rahisi: kukusanya michango, kuisifu bahari kwa mwezi mmoja, na siku ya safari kutopatikana.

Juma lililofuata alikwenda nyumbani kwa Adrienne na karatasi moja iliyochapwa kwa rangi, yenye jua kubwa pembeni. Siku ya kwanza, aliwasomea, tunaondoka Södertälje saa mbili asubuhi, tunakula chakula cha mchana Visby, tunalala Kalmar. Kina mama wakashangilia. Adrienne akavaa miwani, akaisoma karatasi juu mpaka chini.

"Kaka Director," aliuliza, "Visby iko kisiwa. Gari itaogelea?"

Mzee Évariste akaacha kutafuna. Bethuel, ambaye sekunde hiyo ndiyo alijua kuwa Visby iko kisiwani, akatabasamu kama mwalimu aliyepata jibu sahihi. Alisema ulikuwa mtihani. Kila kundi, alisema, hulipima kwanza, aone kama linasoma au linapiga makofi tu. Na kina mama wamefaulu.

"Asante," alisema Adrienne. "Bon. Sasa tuletee ile ya kweli."

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Ile ya kweli haikuwapo, na michango ilikuwa haijatoka. Bethuel akaenda maktaba, mahali alipokuwa akiingia kutafuta choo tu, akaazima ramani. Siku tatu akapima barabara kwa rula. Akagundua kwamba pwani ina kona nyingi kuliko maneno yake, na kwamba ukitaka kulala Västervik usiku wa kwanza, Kalmar wa pili, Karlskrona wa tatu na Simrishamn wa nne, hakuna siku inayomchosha dereva isipokuwa ya kurudi. Alipoona malazi yamejipanga hivyo, alisikia raha fulani kifuani. Hakuijua, akaidhania njaa.

Safari hii kina mama hawakugombana. Mama wa Göteborg aliposhika ramani, Brigitha alimwambia Director ameshasema, na yule akaiachia. Michango ikatoka. Lakini na maswali yakatoka.

Adrienne alipiga simu kila jioni baada ya kazi. Mama Josiane anakoroma kama trekta, atalala na nani? Mama Beverly ana goti bovu, hapandi ngazi. Vyumba vya chini vipo? Mzee Évariste lazima asimame kila baada ya saa mbili, na tafadhali asimame penye choo, umri wake ni ule. Jumapili watakuwa mji gani, na kanisa la huko linaanza saa ngapi? Na dirisha la Västervik, linatazama nini?

Kila mara Bethuel alitaka kubuni jibu, na kila mara akamkumbuka mwanamke aliyejua Visby iko kisiwani. Basi akauliza kweli. Akajikuta saa nne asubuhi anabishana kwa Kiswidi na mapokezi ya hoteli ya Karlskrona juu ya goti la Beverly. Bibi wa hoteli ya Västervik, alipoulizwa habari za dirisha, alipanda ghorofani mwenyewe, akatazama, akashuka kumwambia kwamba kuna mashua, kibanda cha aiskrimu, na bata bukini mmoja anayetembea kama mwenye nyumba. Bethuel akayafikisha yote, hata bata. Upande wa pili wa simu Adrienne alicheka mpaka akakohoa.

Kisha likaja ombi lililombadilishia mpango. Adrienne alisema kina mama wengine wana wasiwasi, si yeye, yeye anamwamini kabisa. Ila wangetulia wakiona karatasi za hoteli, zile zenye namba. Bethuel alifikiri usiku mmoja, akaliona jambo zuri. Hoteli zote nne zilikubali kulipwa kwanza na kurudisha pesa zote ukifuta kabla ya saa kumi na mbili jioni, siku moja kabla ya safari. Angelipa kwa michango ileile, angewaonyesha karatasi za kweli, halafu, safari ikiwa kesho, angefuta zote nne kwa vidole viwili, na pesa zingerudi kwenye kadi yake zikiwa zimeoga. Wahenga wa utapeli, kama wapo, wangelimvulia kofia. Akanunua na tiketi ya ndege ya Las Palmas, kule visiwani Hispania, ya Ijumaa.

Akatuma karatasi zote nne kwenye kundi lao la WhatsApp, namba na kila kitu. Adrienne alijibu kwa neno moja, asante, na ua jekundu.

Safari ilipangwa Alhamisi ya katikati ya Juni, kabla ya sikukuu ya Midsommar. Jumatano saa kumi alasiri Bethuel alikaa mezani kwake Jordbro, begi la Las Palmas limefungwa mlangoni. Aliamua kuanza na tanzia. Alikuwa ameiandika kwa wiki nzima, na ilikuwa imesimama vizuri. Akaituma kwenye kundi:

"Ndugu zangu wapendwa, kwa moyo mzito nawajulisha kwamba dhoruba kali imeipiga Västervik usiku wa kuamkia leo. Hoteli yetu haina paa. Safari yetu imeahirishwa hadi Mwenyezi atakapofungua njia. Tuwaombee watu wa Västervik. Director."

Alifuta hata chozi, maana alikuwa mtu wa kuamini maneno yake. Kisha akafungua hoteli ya kwanza, akabonyeza kufuta. Simu ikamjibu kuwa malazi hayo hayafutiki. Akajaribu Kalmar. Hayafutiki. Karlskrona na Simrishamn nazo vivyo hivyo, na kwenye zote nne mahali pa jina hapakuwa na Kuria. Paliandikwa Adrienne.

Akampigia yule bibi wa Västervik. Bibi alifurahi kuisikia sauti yake. Alimweleza kuwa mambo yote yako sawa: mwenyekiti wake alipiga simu wiki mbili zilizopita, akataja namba za karatasi zile, akayaleta malazi yote siku moja mapema, akayaandika kwa jina lake, na akaomba yafungwe yasifutike kabisa, kwani kiongozi wao ni mtu wa kubadilibadilisha mawazo. Hoteli zile nyingine nazo alizipigia, bibi mwenyewe ndiye aliyempa namba zao za simu. Kundi limefika saa nane mchana. Watu wenye furaha sana, alisema bibi. Mmoja alilala kidogo baada ya kufika, akasikika mpaka mapokezi.

Bethuel aliketi na simu mkononi. Ikatetemeka. Picha ilikuwa imeingia kwenye kundi: watu tisa mbele ya hoteli, Mzee Évariste katikati na kofia ya kapteni, na juu yao paa zima, jekundu, lisilopungukiwa hata kigae kimoja.

Chini yake Mzee Évariste alikuwa ameandika: "Director, paa tunaliona. Tukuombee wewe?"

Na Brigitha: "Dhoruba isubiri kidogo, tunamalizia aiskrimu."

Bethuel aliitazama picha ile kwa muda mrefu kuliko alivyopaswa. Alijua mlango ulio nyuma yao unaelekea wapi. Alijua chai ya asubuhi inaanza saa moja na nusu, na kwamba kesho Évariste atasimama Oskarshamn penye choo. Hakuna mtu hai aliyejua safari ile kuliko yeye, naye alikuwa Jordbro, akitazama maegesho ya magari. Ilimuuma mahali ambapo pesa huwa haziumi.

Adrienne akapiga. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na ndege wa majini na watu wakicheka.

"Umejua lini?" Bethuel aliuliza. Hakuona haja ya salamu.

"Tangu siku ya Visby, kaka. Mutu wa safari za pwani haezi kuweka Visby njiani."

"Basi kwa nini hukunifukuza?"

Alimweleza bila haraka. Miaka mitatu walikuwa wamegombana wao kwa wao, na kama yeye angepanga, mwingine angenuna. Walihitaji mtu wa nje, mwenye sauti, wa kuwanyamazisha. Yeye hana muda wa kushinda kwenye simu na mahoteli, jikoni kuna watoto mia tatu wanaotaka kula. Na mara ya kwanza alipomuuliza habari za goti la Beverly, akamsikia amekwenda kuuliza kweli, aliona huyu mtu ana kipaji, sema tu anakificha.

"Mama Adrienne," Bethuel alisema kwa uchungu, "mmenitapeli."

"Tumekutapeli nini? Tulikupa pesa ya hoteli. Ulilipa hoteli. Tunalala hoteli. Nani ameibiwa?"

Bethuel alitafuta. Aligeuza jambo lile huku na huku kama mtu anayetafuta tundu kwenye mfuko, na hakuona shimo lolote. Alichopoteza kilikuwa mwezi mmoja wa kazi halali, na hakukuwa na kituo cha polisi ambacho angeweza kwenda kushtaki kwamba amefanyishwa kazi halali kwa hila.

"Agosti nitajibu vizuri," alisema Adrienne, na sauti yake ikalainika. "Asante, kaka. Kwa kweli." Kisha akaenda, walikuwa wanamwita akaoge baharini.

Ijumaa ndege ya Las Palmas iliruka na kiti kimoja kitupu, kwa kuwa Bethuel alikuwa na tiketi lakini hakuwa na cha kula huko. Jumamosi asubuhi alikuwa bado kitandani simu ilipolia. Mwanamume aliyejitambulisha kwa jina la Mwamba, injinia wa Kista, alisema wao ni familia tatu, wameona picha za akina mama kutoka Karlskrona, na wanataka pwani ya magharibi, malazi sita, mwezi wa nane. Mama Adrienne amemsifu Director sana.

Bethuel aliinuka kitandani. Sauti ya redio ikamrudia yenyewe.

"Amefanya vizuri kukuelekeza, ndugu yangu. Kwa kawaida sisi huanza na mchango mdogo wa—"

"Ndiyo, ametuambia," alisema Mwamba kwa adabu. "Amesema hakuna anayepanga kama wewe Stockholm nzima. Hoteli tuzilipe wenyewe, na wewe tukulipe tukisharudi."

Mwamba akauliza kama Bethuel bado yuko kwenye simu. Alikuwepo. Alikuwa anamtafuta yule mwingine ndani yake, yule wa makoti na kozi za wiki mbili, amjibu mtu huyu jibu la kumtoa pesa, na yule mwingine hakuitika.

"Nipo," alisema mwishowe, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyekamatwa. "Mko wangapi?"