Friza ya Fredesvinda

Jumanne, 5 Agosti

Muuguzi wa zahanati alinipa daftari hili niandike presha kila asubuhi. Nimeandika siku moja, imenichosha. Presha ni namba tu. Mimi nina mambo.

Leo saa mbili asubuhi, huko Japani eti saa tatu usiku, wamemwingiza mjukuu wangu Yeuris kwenye uwanja wa besiboli. Kazi yake ndiyo hiyo. Anakaa mechi nzima akitafuna mbegu za alizeti, mrusha mpira mwenzake akichoka mkono, anaitwa yeye azime moto. Leo hakuzima. Kamwaga petroli. Mpigaji wa kwanza kampa kituo cha bure, mipira minne yote pembeni. Wa pili kituo cha bure. Kama anagawa peremende kwenye ubatizo! Wa tatu akaupiga mpira mpaka jukwaani, mechi ikaisha, watu wakaenda kula.

Naangalia kwa Fredesvinda, jirani wa ukuta mmoja. Ana televisheni pana, ana intaneti, ana mabetri ya kuwasha nyumba nzima umeme ukikatika. Na ana Wandel, mjukuu wake, naye mrushaji, klabu ileile ya Yeuris, ila yuko timu ya pili. Timu kubwa huko inaruhusu wageni wanne tu. Wandel hapandi mpaka mmoja ashuke. Fredesvinda akanisogezea kahawa, akasema pole jirani. Pole ile ilikuwa na meno yote thelathini na mawili.

Yeuris kapiga simu baadaye. Kocha kampa mpaka mechi ya Jumamosi. Akishuka, mkataba hauongezwi. Ana miaka thelathini na mmoja, na mkono wa umri huo hauajiriwi mara mbili. Nyuma yake kuna miwa tu, ileile iliyomvunja mgongo baba yake. Akaniambia, "Bibi, nakuomba. Safari hii usifanye kitu."

Mimi? Nimewahi kufanya nini? Ile ya mbuzi haihesabiki.

Jumatano, 6 Agosti

Nimegundua tatizo. Chakula. Mtoto aliyekuzwa kwa ndizi za kuponda wanamlisha tambi za baridi! Mkono utapata wapi nguvu?

Nikampigia mkalimani wake, Bwana Onodera. Saa nane mchana. Kapokea kwa kunong'ona, kumbe kalala. Nikamwambia aibu, mwanaume mzima kulala mchana kweupe. Akaomba radhi. Nikamweleza: ndizi, achemshe, aponde, juu yake vitunguu vya siki. Kaandika kila kitu, nilisikia kalamu. Kijana mwenye adabu. Hapa mtaani wangekuwa wameshanikatia simu.

Alhamisi, 7 Agosti

Onodera kanunua ndizi mbivu. Zile tamu za kumenya na kula! Kachemsha, kaponda, katia vitunguu vya siki. Yeuris kala yote kwa heshima yangu. Usiku wao wa leo hakurusha, alikuwa chooni.

Sasa tunaacha mambo ya jikoni, tunaingia mambo ya kweli. Kila mwenye akili hapa mjini Consuelo anajua: ukitaka mtu apoe, andika jina lake, kunja karatasi, tia kwenye friza. Karani mmoja wa viwanja alikuwa ananisumbua, nikamgandisha, mwezi haukuisha akahamishiwa Barahona, mbali huko. Nimeandika Wandel. Wandel akipoa, kocha hatakuwa na wa kumpandisha.

Roho iliniuma kidogo. Yule mtoto nimemwogesha kwenye beseni langu. Jino lake la kwanza nililing'oa mimi kwa uzi. Lakini simtakii mabaya. Nataka apoe tu, mpaka Jumamosi.

Saa kumi jioni umeme ukakatika. Maji sakafuni. Wandel anayeyuka.

Ijumaa, 8 Agosti

Umeme bado. Kampuni inasema wanashughulikia. Na mimi nashughulikia.

Nimemchukua kuku wangu aliyenyonyolewa nikaenda kwa Fredesvinda kumwomba nafasi kwenye friza yake, jirani ni jirani. Tumboni mwa kuku nimetia karatasi mpya ya Wandel. Babake shetani mwenyewe asingefikiria! Fredesvinda alikuwa anajisokota nywele kwenye vibomba, akasema weka mwenyewe.

Nikafukua. Chini ya mbaazi, kopo la nyanya. Ndani ya kopo, karatasi. Nikaifungua.

Yeuris. Na jina la ukoo wa mama yake, Fredesvinda asije akakosea mtu. Kagandishwa mgumu kama mfupa. Hiyo si baridi ya jana. Hiyo ni ya mwezi mzima, na ni mwezi mzima mtoto wangu anapigwa kama zulia!

Mwanamke asiye na haya. Kumgandisha mtoto wa jirani! Nilisimama pale nimemshika kuku mkononi, Wandel akiwa ndani ya kuku, nimejaa hasira ya mtu mwenye haki.

Nikamtia Yeuris kifuani. Kuku nikamwacha frizani. Kahawa yake nikainywa, vikombe viwili.

Jumamosi, 9 Agosti

Joto la kifua halikutosha kwa mtu wa mwezi mzima barafuni. Alfajiri nikaiweka karatasi chini ya birika la kahawa, pembeni ya moto. Nikaiacha hapo mpaka ikaanza kunukia.

Nikaenda kwa Fredesvinda kuangalia, Yeuris akaingia uwanjani. Mpira wa kwanza, mpigaji hakuuona. Kilomita mia hamsini na nane kwa saa! Hajawahi kufika huko tangu azaliwe. Fredesvinda aliweka kikombe chini. Wa pili, hivyohivyo. Nikakaa vizuri kwenye kiti, maana najua kazi ya nani.

Wa tatu ukaenda kwenye kofia ya mpigaji.

Kule hakuna mjadala. Ukigonga kofia unatoka, hata uwe mtoto wa mfalme. Mpigaji kainuka, kajifuta vumbi, mzima kama punda. Yeuris akavua kofia akainama, akainama tena, ungedhani kadondosha sarafu. Mipira mitatu, basi. Kwisha.

Nikajisemea, tena kwa sauti, pumbavu mimi, kwamba nimempasha kupita kiasi.

Fredesvinda akageuka polepole. Akaenda jikoni. Akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa na kuku mkono mmoja, na karatasi mkono wa pili.

"Idelsa. Wandel kakukosea nini?"

"Mwezi mzima umemlaza mwanangu chini ya mbaazi, halafu unaniuliza mimi?"

Akatazama sakafu. "Nilitaka apoe kidogo tu."

"Na mimi kidogo tu."

Hakuna aliyeomba msamaha. Kuku alikuwa nje tayari, tukamkaanga.

Jumapili, 10 Agosti

Yeuris kashushwa. Na Wandel hakupanda! Nafasi kapewa Mvenezuela wa miaka ishirini na mbili, amefika juzi.

Yeuris kapiga simu kutoka bweni la timu ya pili. Kawekwa chumba kimoja na Wandel. Wandel alikuwa anamkaangia ndizi, za kupika, mbichi, zilizo sahihi. Tumewaeleza yote, maana Fredesvinda hawezi kufunga mdomo. Wandel kacheka mpaka kakohoa. Akasema, "Bibi Idelsa, nirudishe kwenye friza, huku joto linaniua."

Yeuris hakucheka. Alisema aliyeshushwa anaweza kuitwa tena baada ya siku kumi, na kocha kamwambia atamwangalia. "Siku kumi hizi ndizo maisha yangu, bibi. Niahidi hutanigusa mimi wala Wandel, si kwa moto, si kwa barafu."

Nikaahidi kwa Mtakatifu Mikaeli. Fredesvinda naye akaahidi. Sauti ya mtoto ilikuwa inatetemeka, na mimi si jiwe.

Simu ikakatika. Tukatazamana. Wote wawili tuliona jambo lilelile: Mvenezuela hakutajwa.

Nikampigia Onodera, nikamwomba jina kamili la yule kijana na la ukoo wa mama yake, tumwombee. Kanitajia herufi moja moja. Kasema nina moyo mwema. Fredesvinda hakuwa na miwani yake, nikaandika mimi. Akaikunja mwenyewe, akaizika chini ya mbaazi, tukakumbatiana pale mbele ya friza, wazee wawili tunalia kama tumepatana mbele ya padri.

Ila karatasi ina pande mbili, na huko timu kubwa itabaki nafasi moja, wajukuu wawili. Nyuma nimeandika Wandel. Kwa herufi ndogo. Apoe kidogo tu.