Picha Kumi na Mbili za Mama na Dada Yake

Jumatatu, 3 Juni

Nimeipata! Chini ya kabati la Mama, ndani ya shuka kuukuu: kamera ya marehemu Baba. Ile ya kushika kifuani, yenye macho mawili, la juu la kutazamia, la chini la kupigia. Kila jicho lina kifuniko chake. Baba alivikata mwenyewe kwa ngozi ya kiatu. Nimeinusa. Bado inanukia sabuni ya kipande na dawa za kusafishia picha. Nimekaa sakafuni nayo hadi miguu ikafa ganzi.

Na imekuja kwa wakati wake. Mama Mkubwa anahama Jumamosi, anakwenda kuishi kwa binti yake, safari ya siku nzima. Tangu jana Mama anafua nguo zilizokwisha kufuliwa. Leo kasema anataka jambo moja tu: picha yake na dada yake, wamekaa kama walivyokaa Baba alipowapiga wakiwa wasichana. Shemeji, mume wa dada yangu, akachomoa simu papo hapo. Nikamwambia airudishe mfukoni. Picha za simu ni za kupita, hii ni ya ukutani. Kazi ni yangu! Shemeji kacheka kwa pua.

Jumatano, 5 Juni

Kwa Fundi, aliyekuwa msaidizi wa Baba studio. Mpaka leo anasafisha filamu stoo kwake. Kaipokea kamera kama anapokea mtoto mchanga. Filamu yake ni pana, inatoa picha kumi na mbili tu. Kanishauri nipige mkanda mmoja wa kujifunzia, ausafishe, nione makosa yangu. Makosa gani? Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Jioni nimebaki dukani, pale ninapotoa fotokopi, niskani negativu ya Baba ya wale wasichana, aliyoitunza Fundi, nijue pozi. Mara ya kwanza: nyeusi tii. Mara ya pili: nyeusi tii, na alama ya kidole changu. Nimegombana na mashine hadi mteja akaondoka. Nikampigia Fundi. Kasema mwanga lazima upite ndani ya negativu, sio uigonge tu kwa chini. Basi nikang'oa mfuniko wa skana, nikamulika kwa juu, nikageuza weusi uwe weupe. Wakatokea! Mama na Mama Mkubwa, benchi moja, mkono wa mmoja juu ya goti la mwenziwe, Mama anajizuia kucheka. Sikujua mama yangu aliwahi kuwa na shingo ile. Nimewatazama mpaka mlinzi akaja kuzima taa.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi, uani. Wamevaa nguo za rangi moja, wamekaa benchini. Kamera hii hugeuza kushoto kuwa kulia: nikimfuata Mama, anakimbia. Nimezunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Shemeji kaacha simu ndani, nimehakikisha mwenyewe. Kisha nikainamisha kichwa kama Baba, nikatamka neno lake: "Msipumue."

Wote wawili wakaacha kupumua. Zaidi ya miaka hamsini, na bado wanatii! Nimepiga kumi na mbili, na zote nimeziona kwa macho yangu kwenye kioo cha juu cha kamera.

Mama Mkubwa kaondoka na basi la saa tano. Mama hakwenda kituoni. Alibaki benchini, upande wake uleule.

Jumanne, 11 Juni

Fundi kanitolea mkanda. Mtupu! Unaona ukuta kupitia humo. Nikamwambia dawa zake zimepitwa na muda. Kaomba kamera, kaigeuza, kanionyesha. Jicho la chini bado lina kifuniko. Nilifungua la juu tu. Nimetazama kwa jicho lililo wazi, nimepiga kwa jicho lililofungwa, mara kumi na mbili.

Mama kauliza kama zimetoka. Nikasema zinakauka. Sijala.

Alhamisi, 13 Juni

Akili ni mali. Nimechukua ile skani ya wasichana nikaizeesha kwenye kompyuta: mvi, mikunjo, miwani. Saa tatu nzima! Mama Mkubwa katoka kama ana ndevu, lakini kwa mbali anafaa.

Mama kaishika karatasi, kaisogeza dirishani. Akasema: "Shingo hii sina tena, mwanangu. Sema kilichotokea."

Nikasema yote. Kauliza kama hata moja haikutoka. Hata moja. Akafuta miwani kwa upindo wa nguo, akafuta tena. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka. Bora angefoka.

Kisha kanisimulia. Picha ile ya usichana, Baba alikwenda kwao mara tatu kuipiga. Kila mara alirudi akidai kasahau kufungua kifuniko. Mara ya nne alikwenda na wazee wake.

"Kwa hiyo itarudiwa," akasema. "Utanipeleka kwa dada yangu. Na sina haraka ya kurudi." Begi lilikuwa tayari limefungwa. Sijui tangu lini.

Jumapili, 16 Juni

Tuko njiani. Shemeji anaendesha, simu kaiacha nyumbani kwa amri yangu. Mama kakaa mbele, anaulizia kila kilima kama ndio tumefika. Vifuniko vyote viwili nimeviacha kabatini, hakuna cha kusahau safari hii. Fundi katuwekea filamu mpya, akaniapisha nisifungue mgongo wa kamera kwa sababu yoyote, mwanga ukiingia filamu imekufa. Sawa, sawa. Wazee kwa wasiwasi!

Tumesimama kununua maji. Jua la utosini. Nimefungua mgongo wa kamera kidogo tu, kuhakikisha. Filamu imekaa vizuri kabisa.