Kurasa Tisa Kuhusu Mama Modesti

Jumatatu, 9 Juni 2025

Naanza upya. Juzi kwenye kikundi chetu cha waandishi, hapa Majengo, Mwalimu Josefina alisoma hadithi yangu mbele ya watu. Ile ya rubani tajiri. Akasema rubani wangu hali chakula, hapigi chafya, hana hata ndugu wa kumsumbua. Si mtu, ni picha ya kalenda. Herman akacheka. Herman anauza mabati na misumari, na anaandika kila siku kabla ya kufungua duka. Kila siku. Mtu wa mabati.

Mwalimu Josefina anakusanya hadithi zetu zitoke katika kitabu kimoja. Imebaki nafasi moja. Ni mimi au Herman. Atachagua Jumamosi ya tarehe 21.

Mpango: kuamka saa kumi na moja alfajiri, ukurasa mmoja kabla ya kwenda ofisini kupanga mafaili. Leo nimeamka. Mimi nimekulia Mbeya, baridi naijua, lakini ya Sumbawanga inakuja na upepo wake. Nimeandikia ndani ya blanketi. Matokeo: tarehe, jina langu na neno "Sura". Kisha kalamu ikaanguka. Sikuifuata.

Jumanne, 10 Juni

Nimelala mpaka saa moja. Tatizo si mimi. Tatizo ni mlango, mtu anatoka anavyotaka. Nimemwomba mwenye nyumba wangu, Mama Modesti, anifungie kwa kufuli kwa nje, kuanzia saa kumi jioni mpaka saa kumi na moja. Mama Modesti ni mjane wa Kifipa, mkulima, umri miaka sitini hivi, na haulizi jambo mara mbili. Aliuliza mara moja: kwani siwezi kukaa tu? Nikamweleza kwamba sanaa inataka nidhamu. Akafunga. Akaenda kwenye sala ya jumuiya na ufunguo wake. Kutoka sala akapitia kumwona mgonjwa.

Nusu saa ya kwanza, mistari sita. Baada ya hapo nilihitaji choo, na choo kiko uani. Dirisha lina nondo. Nikasikia pikipiki, nikaita. Alikuwa Herman. Akazima pikipiki, akaja dirishani, akanisalimia taratibu, akauliza kama nimegombana na mama mwenye nyumba. Nikasema hapana, nimefungwa kwa hiari. Nikamweleza na habari ya choo. Akauliza aniletee msumeno wa chuma au kopo.

Nilichagua kopo.

Alhamisi, 12 Juni

Nimegundua siri. Mhusika anayeaminika hatungwi, anachukuliwa kwa watu. Nimemchukua Mama Modesti. Jioni nimeketi naye jikoni na orodha ya maswali ishirini. Anaogopa nini kuliko vyote? Akasema anaogopa mvua ikinyesha mwezi huu, ulezi ukiwa bado shambani. Nikamwuliza huzuni yake ya siri. Akasema kuku wawili hawajulikani waliko. Majibu mepesi sana. Sikuyaandika.

Akaniambia nikitaka kumjua, Jumamosi niende naye shambani kwake Mollo kuvuna. Nimekubali. Nitamchunguza bila yeye kujua. Kikundi nitawaambia naumwa.

Jumamosi, 14 Juni

Mollo. Nilipewa kisu kidogo cha kukata masuke ya ulezi. Nilikata masuke kumi na moja na kidole gumba. Nikapewa kazi ya kukaa.

Hapo ndipo nilipoanza kuona. Mzee Loth, katekista mstaafu, aliyefiwa na mkewe, ana shamba jirani. Alikuja na chupa ya togwa. Mama Modesti alikuwa na ungo, anapepeta ulezi uliokwisha kupurwa. Hakumtazama. Ila alipokea kikombe, akanywa, na machozi yakamlengalenga. Nimeyaona kwa macho yangu. Akageuka upande wa pili na kujifuta kwa kanga.

Mwanamke anayelia mbele ya togwa ana jambo moyoni.

Jumanne, 17 Juni

Kurasa tisa! Kwa siku tatu. Nimeandikia ofisini, nyuma ya jalada la maombi ya likizo. Mjane anampenda jirani yake kimya kimya kwa miaka saba. Kila jioni anasimama mlangoni akingoja jirani aseme neno moja. Hasemi. Machozi yanadondokea ungoni. Majina nimebadilisha kwa uangalifu mkubwa. Mjane, ambaye jina lake la ubatizo ni Avelina, nimemwita Evelina. Loth nimemwita Loti.

Imebaki kusahihisha nukta na mikato. Hapa mtaani anayejua Kiswahili cha kitabuni ni mmoja tu. Nimempelekea Mzee Loth.

Jumatano, 18 Juni

Jioni nimekwenda kwa Mzee Loth. Shikamoo, marahaba, chai. Kurasa zilikuwa mapajani mwake, mikato yote imewekwa kwa penseli. Mzee alikuwa amenyoa ndevu. Akaniuliza swali moja tu: haya niliyoandika, nimeyatoa wapi? Nikamjibu kama mwandishi, kwamba nimeyatoa kwenye maisha halisi, kwa kushuhudia. Akaniuliza kama ni kweli miaka saba. Nikasema huenda hata minane.

Akaniomba akae na kurasa mpaka kesho. Nadhani amevutiwa na mtindo.

Alhamisi, 19 Juni

Siku mbaya. Nimetoka ofisini, nikakuta uani Mzee Loth amevaa koti la suti, yuko na kaka yake na jogoo mmoja. Mama Modesti amesimama na mwiko mkononi. Nikapita haraka nikaingia chumbani, nikakaa kimya kama nyumba haina mpangaji.

Kupitia dirishani nikamsikia kaka yake akisema wamekuja kwa heshima, kwa kuwa wamepata habari za moyo wa mama. Mama Modesti akauliza habari hizo kazileta nani. Kisha sauti ya karatasi ikifunuliwa.

"Tuntufye," Mama Modesti akaita. "Toka nje, mwanangu."

Nikatoka. Akamrudishia Mzee Loth kurasa, akamwambia asome. Mzee wa watu alisoma yote, tena vizuri, kwa sauti ile ya kusomea misani. Alipofika kwenye machozi, Mama Modesti alinyoosha mwiko.

"Hapo hapo. Ulikuwa upande gani, wewe?"

"Upande unakotoka upepo, mama."

"Basi makapi hayakukufikia. Mimi yaliniingia machoni. Nikinywa togwa kwa mkono mmoja na kushika ungo kwa mwingine, makapi yananiingia. Kila mwaka. Ungeuliza ningekwambia."

Kaka yake Mzee Loth akatazama jogoo. Mzee Loth akakunja kurasa mara mbili, akazidi kuzikunja mpaka zikagoma, akanirudishia. Akasema amekosea, asamehewe, mtu akikaa sana peke yake huamini anachokisoma. Akavaa kofia.

Mama Modesti akashusha mwiko. Akasema ugali uko mezani na maharage yameiva, na mtu hatoki kwake na njaa kwa sababu ya uongo wa mpangaji. Wakaingia ndani. Mimi sikuitwa. Nilikaa nje na jogoo nikisikia vijiko. Baadaye nikamsikia Mama Modesti akicheka, sauti ambayo sijawahi kuisikia, na Mzee Loth akisema jambo kwa Kifipa.

Sikuandika chochote. Hakukuwa na tukio.

Mama Modesti alipotoka aliniambia nitafute chumba kwingine mwisho wa mwezi. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jumamosi, 21 Juni

Kikundi. Nilisoma kurasa zangu tisa. Mwalimu Josefina akasema mlangoni kuna mjane, lakini haieleweki anakula nini. Nikajibu kwamba mapenzi hayali.

Akasoma Herman. Hadithi ya karani anayejifungia chumbani ili awe mwandishi, halafu anaita wapita njia dirishani. Watu walicheka mpaka wakashika meza. Mwalimu Josefina alifuta machozi, akasema karani yule anaishi, unamhurumia huku unamcheka, unatamani kumfungulia mlango.

Nilisimama nikatoa uhakiki. Nikasema mhusika ametiwa chumvi. Hakuna mtu mzima, mwenye ajira, anayeweza kufanya jambo kama lile. Haaminiki kabisa. Mwalimu Josefina akaniuliza kwa upole kama nimekula mchana.

Nafasi amepewa Herman. Alinifuata nje kunipa mkono. Akasema ananishukuru sana. Sijui ananishukuru nini.

Jumatatu, 30 Juni

Nimehama. Mama Modesti alinifungia sahani na vikombe kwenye magazeti visivunjike, na akanipa debe la unga wa ulezi. Nikatafuta neno la kumwambia, nikasema asante. Mzee Loth alikuwa kwenye benchi uani, yeye na Mama Modesti wanachambua maharage kwenye sinia moja, hawasemi. Nikaangalia kidogo. Hakuna la kuandika pale.

Mwenye nyumba mpya ni Mzee Romani, fundi viatu. Ana kovu refu shavuni. Nimemuuliza. Akasema alianguka na baiskeli njia ya Msanzi, akipeleka mbegu. Maelezo dhaifu. Nimeshaamua alilipata kwa ajili ya mwanamke, na huyo mwanamke alikuwa mke wa mtu. Kurasa nne tayari, na sijamaliza hata kutandika kitanda. Jina nimembadilisha, nimemwita Romanus.

Mkewe, Mama Agnesi, anapenda sana kusoma. Ameniambia nimletee kurasa asubuhi.